Bakuli la Baridi la Mkwezi Rehani

Siku ya nne, Warda alipotapika hata maji matupu, Rehani Lipanda aliinuka barazani, akavaa kandambili zake, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akakimbilia zahanati bila kofia. Jua la Februari lilikuwa limesimama utosini. Mchanga wa Sudi ulichoma kama kikaango, na kila mwenye akili zake alikuwa amejilaza kivulini. Walioinua vichwa kumtazama walishangaa. Rehani, mtu wa miaka sitini na tatu, mwenye magoti ya kubembeleza, anakimbia?

"Mzee, kuna moto?" mmoja alimwuliza.

"Kuna mkazamwana!" alijibu, wala hakusimama.

Mkazamwana huyo, mke wa mwanawe Ismaili, alikuwa ameingia katika nyumba ile miezi minane tu iliyopita. Kwao ni Ruangwa, bara, ambako samaki hufika akiwa mkavu au hafiki kabisa. Sudi ni kinyume chake. Hapa dagaa huanikwa kila penye nafasi, ng'onda hutundikwa hadi kwenye kamba za nguo, na upepo wa ufukweni hauingii ndani mikono mitupu. Mwanzoni Warda alicheka, akasema atazoea. Na kweli alizoea, mpaka aliposhika mimba. Mimba ilipotimiza miezi miwili pua yake ikawa kali kama ya paka, na kila harufu ikawa adui: samaki, mafuta, moshi wa kuni, hata sabuni ya kufulia.

Balaa lilizidi kwa sababu nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili. Ismaili, fundi mwashi, alikuwa Nangurukuru na wenzake wakijenga madarasa. Bi Mwahija, mke wa Rehani, alikuwa amevuka kwenda Kilwa Kisiwani kumwuguza dada yake aliyeteleza kisimani akavunjika mguu. Basi wakabaki baba mkwe na mkazamwana, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, kama ada inavyotaka. Asubuhi Warda alisema shikamoo akiwa nyuma ya pazia. Rehani aliitikia marahaba akiwa uani, macho yake yakitazama ukuta. Mazungumzo yakaishia hapo mpaka kesho yake.

Jirani yao Fortunata, mama wa Kimakonde mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi, ndiye aliyekuwa akipeleka chakula. Alileta uji, ukarudi. Alileta wali wa nazi, ukarudi. Siku ya tatu alileta mchuzi wa changu, akisema mchuzi ule ungemfufua hata maiti. Warda aliusikia harufu ukiwa bado njiani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Nesi Rosalia wa zahanati alikuja na Rehani, mkoba mkononi. Alimpima Warda, akamwekea dripu, akakaa naye hadi chupa ilipokwisha. Kisha akatoka nje akiwa amekunjua uso.

"Mzee, mtoto hajambo. Mama ndiye amekauka. Sasa anahitaji kitu kitakachokaa tumboni, kidogo kidogo, mara nyingi."

"Kitu gani, mwanangu? Vyote tumeshajaribu."

"Mmejaribu vilivyopikwa. Mpeni kitu cha baridi. Kiwe na maji, kichachu kidogo, kisichopita kwenye mafuta wala moshi. Matunda, matango, vitu kama hivyo. Mvioshe vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Akizidiwa tena, mniletee hata kama ni usiku wa manane."

Nesi aliondoka. Rehani alibaki amesimama katikati ya uwanja, jua likimpiga, wala halisikii. Neno moja lilikuwa limemnasa kama ndoana: kisichopita kwenye moshi.

Miaka arobaini Rehani alikuwa mkwezi. Alijua kupanda mnazi, kuangua, kufua na kuuza. Angekwambia kwa kugonga kwa kidole tu kama hiki ni kidaka kichanga, hiki kitale kisicho na nyama bado, hili ni dafu au limeshakuwa koroma linaloelekea kuwa nazi. Lakini kupika hakujua. Jikoni kwa Bi Mwahija aliingia kuomba kaa la moto, akatoka. Siku nne zile alikaa barazani akijiona mzigo, mwanamume mzima anayesubiri jirani alete sahani. Sasa nesi anasema dawa ni chakula ambacho hakipikwi!

"Ah!" alisema kwa sauti, akapiga kofi moja kubwa. "Cha kutopika? Si hata mimi nakiweza!"

Akakumbuka kitu cha miaka mingi. Ujanani, walipokuwa wakiangua nazi za mashamba ya Mchinga msimu wa joto kama huu, adhuhuri hakuna aliyeweza kumeza ugali. Kiongozi wao alikuwa akikata embe bichi na matango kwenye jani la mgomba, akanyunyiza chumvi, akakamua ndimu. Watu walioshuka minazini hoi, ulimi nje, walikula wakacheka, wakapanda tena.

Rehani aliingia jikoni kwa mkewe. Alitafuta kisu akapata panga, akatafuta ubao akapata kifuniko cha sufuria. Embe bichi lilikuwapo uani. Matango alimwomba Fortunata, ambaye alikuja nayo mwenyewe kwa kuwa hakuamini masikio yake.

"Mzee Rehani, unataka kufanya nini?"

"Kupika."

"Kupika? Mbona hakuna moto?"

"Ndiyo uzuri wake, jirani."

Alikata. Vipande vilitoka kila umbo, kimoja kama kidole, kingine kama kiganja, kwa maana panga halikuzoea kazi za adabu. Alitia nyanya, akatia na kitunguu kimoja kikubwa, maana aliona kila mara mkewe anatia kitunguu. Akaweka chumvi na ndimu, akapeleka bakuli hadi kwenye pazia.

"Hodi, mwanangu. Nimekuwekea hapa mlangoni. Onja tu."

Alirudi uani akatega sikio. Pazia likasogea. Kisha akasikia miguu ikikimbia kuelekea nyuma, na sauti ile aliyoizoea siku nne. Fortunata alimtazama kwa huruma.

"Kitunguu, mzee," alisema. "Hata mimi nilipokuwa na mimba ya Benedicto, kitunguu kilikuwa kikinitoa nyumbani."

Mtu mwingine angeliweka panga chini. Rehani alishalinusa jambo lake. Alisuuza bakuli, akaosha panga kwa ndimu mpaka likanukia lenyewe, akaanza upya: embe bichi, tango, nyanya iliyotolewa mbegu, chumvi chembe mbili tatu, ndimu. Kitunguu alikitupa mbali, upande wa pili wa ua. Safari hii alivitumbukiza kwanza vitu vyote, vikiwa vizima, katika maji aliyoyachemsha Fortunata na kuyapoza ndani ya mtungi wa udongo, mtungi ambao hata adhuhuri maji yake hufanya meno yashtuke. Alivikata vikiwa baridi, vikitiririka.

"Hodi tena, mwanangu. Usikasirike. Hiki hakina kitunguu."

Pazia likasogea. Rehani alisimama uani na Fortunata, wote wawili wamebana pumzi kama watu wanaosubiri mpira wa penalti. Wakasikia mlio mdogo: krach. Tango limeng'atwa. Krach tena.

Fortunata alimshika mkono Rehani bila kujua. Dakika tano. Dakika kumi. Hakuna aliyekimbia. Kisha sauti nyembamba ikatoka nyuma ya pazia, sauti ambayo Rehani hakuisikia tangu juzi.

"Baba... kuna kingine?"

Rehani aliruka. Magoti yake yalipiga kelele, hakuyajali. "Kipo! Kipo, mwanangu! Kipo tele!" alisema, na huku bakuli lilikuwa tupu, na embe lilikuwa limebaki kokwa. Fortunata alitoka mbio kwenda kuchuma matango mengine, akipiga vigelegele njiani, hata watu wakadhani mtoto ameshazaliwa.

Kuanzia siku hiyo Rehani hakutulia. Alfajiri, akitoka kuswali, alipita mashamba ya bondeni kuchagua tikiti, akiligonga na kusikiliza kama alivyozoea kusikiliza nazi. Alijinunulia kisu kidogo, akakinoa mpaka kikaweza kunyoa ndevu. Alijifunza kuwa tango likimenywa milia, mstari mmoja ndiyo mmoja siyo, hubaki na mlio wake bila kuwa gumu. Aligundua kuwa tikiti hutiwa la mwisho, la sivyo linalainika na kugeuza kila kitu kuwa mchuzi. Alijua Warda anapenda vipande vidogo, vya kuokota kwa vidole viwili. Kila jambo alilogundua alilipeleka kwa Fortunata mbio, kama mtu aliyeokota lulu, na Fortunata, aliyekuwa akipika kwa miaka thelathini, alikuwa na hisani ya kushangaa.

Walikosana mara moja tu. Rehani alikuwa amerudi na nanasi bivu, harufu yake imejaza ua mzima.

"Nanasi?" Fortunata aliweka mikono kiunoni. "Kwa mjamzito? Mzee Rehani, unataka kuiharibu mimba ya watu?"

Rehani aliliweka nanasi chini taratibu, kana kwamba lilikuwa bomu, akavaa kofia, safari hii na kandambili sawasawa, akaenda zahanati. Nesi Rosalia alicheka kwanza.

"Bivu kidogo halina neno, mzee. Papai bichi ndilo uliache kabisa. Na wewe mwenyewe unywe maji, unatiririka jasho."

Rehani alirudi akipiga mluzi. Nanasi likaingia katika bakuli, na Fortunata akaomba kipande kimoja, kuhakikisha tu.

Habari zilifika kwenye baraza la wavuvi. Leonard, rafiki yake tangu utotoni, mtu wa maneno mengi kuliko samaki, hakuweza kujizuia.

"Rehani, tunasikia umeolewa."

"Nani kasema?"

"Si unashinda jikoni? Mwanamume mzima, kisu mkononi, unakata matango! Bi Mwahija akirudi atakukuta umejifunga kanga."

Wenzake walicheka hadi wakapigana mabega. Rehani alisimama. Ujanani angelijibu kwa ngumi. Sasa alijikuta hana hasira, ana haraka tu, maana alikuwa ameacha tikiti kwenye mtungi.

"Leonard," alisema, "wewe ukiwa baharini ukashikwa na kichefuchefu cha mawimbi, ukaambiwa dawa iko jikoni, utauliza kwanza kama jiko ni la kiume au la kike?"

Akaondoka. Nyuma yake kicheko kilipungua. Jioni yake Leonard alipita uani kwake akijifanya anatafuta mundu. Alipewa kibakuli. Alikula amesimama, akala hadi maji ya chini, akafuta mdomo kwa mkono, akasema mundu ataufuata kesho. Kesho alikuja kweli, wala mundu hakuutaja.

Siku ya tisa Warda alizungumza kwa kirefu kwa mara ya kwanza. Alikuwa bado nyuma ya pazia, lakini pazia lilikuwa limeachwa wazi kidogo.

"Baba, naomba usinione mlafi."

"Sema, mwanangu."

"Kinywa changu kinataka kitu cha kunukia. Sijui ni nini. Si ndimu, si tangawizi. Kitu... kama asubuhi baada ya mvua."

Mtu mwingine angesema haya ni mambo ya wajawazito, yatapita. Rehani alikaa kando ya kifuo chake cha kufulia nazi, akafikiri. Kitu cha kunukia, kisicho samaki, kisicho mafuta, kisicho moshi. Akafikiri mpaka adhana ya alasiri. Ghafla akajipiga paja. Chai ya kwa Gulamali! Miaka yote aliyokuwa akipeleka nazi katika duka la Gulamali mjini Lindi, mke wa mwenye duka, Rabiabai, alikuwa akimpa chai yenye majani fulani ya kijani, na chai ile ikishuka kifuani ilikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Kesho yake asubuhi alikodi pikipiki hadi Lindi, safari ambayo hakuwa ameifanya mwaka mzima. Rabiabai alikuwa amezeeka, nywele nyeupe chini ya mtandio, lakini alimtambua akiwa bado mlangoni.

"Rehani wa Sudi! Nazi ziko wapi?"

"Leo sikuleta nazi, Bi Rabia. Leo nimekuja kuomba majani ya chai yako."

"Mnanaa? Unaumwa tumbo?"

Rehani alimweleza yote, kuanzia mchuzi wa changu hadi asubuhi baada ya mvua. Alieleza kwa mikono, akikata hewani, akikamua ndimu zisizokuwapo. Rabiabai alisikiliza huku anatabasamu, kisha akamwuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Chumvi unatia saa ngapi?"

"Mwanzo. Nikishakata tango."

"Ndiyo maana bakuli lako linajaa maji. Tango ukilitia chumvi mapema linalia, Rehani. Liache litulie. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari mkononi mwa mlaji. Na mnanaa usikate kwa kisu, unaungua, unakuwa mweusi. Chana kwa vidole."

Rehani alirudia maneno yale kimoyomoyo kama mwanafunzi wa madrasa. Rabiabai alimpeleka nyuma ya duka, kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, akachuma mnanaa mkono mzima, akaufunga kwa kitambaa kilicholowa. Kisha akang'oa mche mmoja na mizizi yake na udongo wake.

"Huu upande karibu na pale mnapoogea. Unapenda maji machafu na maneno ya watu."

Alifika Sudi adhuhuri, mnanaa kifuani ndani ya shati ili upepo usiukaushe. Alikata tango, embe, nanasi na tikiti. Alichana mnanaa kwa vidole. Ndimu. Alibeba bakuli kwa mkono mmoja na chumvi kwa mkono wa pili, akanyunyiza pale pale mlangoni.

Warda alinusa kwanza. Alikula bakuli zima, na alipomaliza Rehani akasikia analia.

"Mwanangu! Kimekudhuru?"

"Hapana, baba," Warda alisema, akicheka na kulia pamoja. "Ndicho. Ndicho chenyewe."

Wiki ya tatu ilipoingia, mashavu ya Warda yalikuwa yamerudi. Alianza kula na mkate kidogo, na viazi vitamu baridi. Lakini Rehani hakuwa ameridhika. Alikuwa na wazo lililomkosesha usingizi: nyama ya dafu. Si dafu lililokomaa ambalo nyama yake hutafunwa, bali lile changa kabisa, linalovuka kutoka kitale, ambalo nyama yake hutetemeka kwenye kijiko. Hiyo ikikatwa vipande pamoja na tikiti, mnanaa na ndimu, moyo wake ulimwambia, hapo ndipo bakuli litakapotimia.

Alinunua madafu sokoni, yalikuwa yamepita. Alimwagiza mtu, akaletewa vitale vyenye maji tu. Wakwezi vijana wa Sudi wote walikuwa wamekwenda kuangua huko Mchinga. Na mnazi wake mwenyewe, mnazi wa kwenye kona ya ua, ulikuwa na kichala kizuri pale juu. Alikuwa akikitazama kila siku, na kila siku kilikuwa kikisogea kuelekea kukomaa.

Ijumaa asubuhi hakuweza kungoja tena. Alitoa kamba yake ya miguuni iliyotundikwa miaka miwili, tangu Bi Mwahija alipomwapisha kuwa hatapanda tena. Aliivuta, akaipima. Ilikuwa nzima. Alisema bismillahi.

Hatua ya kwanza magoti yalilia. Ya pili yalinung'unika. Ya tano yalikumbuka. Mwili wa mkwezi una akili zake. Ulijipanga wenyewe, nyayo zikabana, mikono ikakumbatia, na Rehani akapanda akihisi upepo unampita masikioni, akiona paa la Fortunata, kisha mikoko, kisha maji ya ghuba yote yakimeremeta. Alifika juu akitweta, akacheka peke yake. Alinyoosha mkono, akagonga dafu la kwanza kwa kidole. Tok. Hilo hapana. La pili. Tok. La tatu likajibu kwa sauti nzito ya chini, sauti aliyokuwa akiitafuta wiki nzima.

"Nimekupata!" alipiga kelele.

Sauti yake ndiyo iliyomtoa Warda. Pazia lilifunguka lote. Warda akatoka hadi katikati ya uwanja, juani, miguu mitupu, kanga imemteleza begani, macho yake yametazama juu.

"Baba! Baba, shuka! Utaanguka!"

"Sogea, mwanangu, naangusha!"

"Usiangushe! Shuka wewe kwanza! Jirani! Jirani njoo umwone baba!"

Wiki tatu hakutoka nje mchana, na ada yote ya kuoneana haya ilikuwa imepeperuka. Alikuwa anamgombeza baba mkwe wake kwa sauti iliyofika ufukweni. Rehani huko juu aliisikia nguvu ya sauti ile, pumzi ndefu, kifua kizima, akafurahi hata akasahau kuogopa. Hapo ndipo iliposikika sauti nyingine, kutoka mlango wa ua.

"Rehani Lipanda!"

Bi Mwahija alikuwa amesimama na kikapu kichwani, mkoba mkononi, vumbi la safari hadi magotini. Dada yake alikuwa ameanza kutembea kwa gongo, naye alikuwa amerudi bila kupiga simu, akitaka kuwashtua. Mshtuko ukamrudia yeye.

"Nimekuachia nyumba, nimekuachia mke wa mtoto, nakukuta juu ya mnazi kama tumbili! Uliniapia nini wewe?"

"Mama Ismaili, karibu nyumbani," Rehani alisema kutoka juu, kwa heshima zote. "Habari za Kilwa?"

"Shuka!"

Alishuka. Alishuka polepole kuliko alivyopanda, na alipogusa ardhi magoti yalimkatalia, akakaa chini ya mnazi kwa kishindo, dafu limepakatwa kama mtoto. Warda na Bi Mwahija walimkimbilia pamoja. Hakuwa ameumia. Bi Mwahija alipohakikisha hilo, ndipo alipoanza kumgombeza sawasawa, na maneno yake yalikuwa marefu, yenye vituo na mizunguko. Alipofika katikati aliyaacha njiani. Alikuwa amemtazama Warda.

Ujumbe wa simu ulikuwa umemwambia mkazamwana hali, hainuki, amekonda. Aliyekuwa mbele yake alikuwa amesimama wima, uso unang'aa kwa jasho na ghadhabu.

"We mtoto," alisema taratibu. "Si nimeambiwa wewe mgonjwa?"

"Nilikuwa, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekutibu?"

Warda alimwonyesha aliyekaa chini ya mnazi.

Rehani hakungoja aulizwe. Alijikokota hadi jikoni, na Bi Mwahija akamfuata, akasimama mlangoni. Aliona visu vimepangwa. Aliona mtungi umefunikwa kitambaa kilicholowa, matango yanaelea ndani kama samaki waliotulia. Aliona mume wake, aliyeishi naye miaka thelathini na minane, akinawa mikono hadi kwenye viwiko, akipasua dafu, akichota nyama yake inayotetemeka, akikata tango, embe lililoanza kuiva na tikiti jekundu, akichana mnanaa kwa vidole. Alifungua mdomo kumwambia chumvi.

"Bado," Rehani alisema bila kugeuka. "Chumvi ni ya mwisho. Tango linalia."

Bi Mwahija akafunga mdomo. Labda ilikuwa mara ya kwanza katika jiko lile.

Walikula wanne, Fortunata akiwa amefika mbio na kukuta hatari imekwisha na bakuli limeanza. Hapakuwa na pazia. Walikula kwenye mkeka mmoja kivulini, joto likitetemeka nje ya ua, na kila kijiko kilikuwa kama kutumbukiza uso katika kisima. Warda alikula mabakuli mawili. Bi Mwahija alikula moja, akalamba kijiko, akakitazama.

"Miaka thelathini na minane," alisema mwishowe. "Mikono hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Hukuwahi kunituma," Rehani alijibu.

Fortunata alicheka mpaka akalala chali. Bi Mwahija alijaribu kununa, akashindwa.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana, mkubwa na mwenye kelele, na Ismaili alikuwapo. Lakini hata kabla ya hapo, Machi ile ile joto likiwa bado halijaregea, Nesi Rosalia alimwita Rehani siku ya kliniki ya wajawazito. Alimwomba awaonyeshe wengine, kwa kuwa walikuwapo watatu waliokuwa na hali kama ya Warda, na wengi walioshindwa kula kwa ajili ya joto tu. Rehani alioga mara mbili, akavaa kanzu, akatwaa bakuli, kisu na mtungi wake. Alipoingia akakuta wanawake kumi na mmoja kwenye mabenchi, wote wamemkazia macho. Kidogo ageuke.

Alianza kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye tango alikuwa ameshasahau haya. Alikuwa akizunguka na kisu, akiwanusisha mnanaa mmoja mmoja, akiwagongea tikiti wasikilize. Wanawake wakaanza kuuliza, wengine kubishana. Bakuli likapita mkono kwa mkono.

Mama mmoja kijana wa benchi la nyuma aliinua mkono.

"Mzee, mimi ndimu inanichoma kifua. Nikitia ukwaju je?"

Kisu cha Rehani kilibaki hewani. Wiki sita nzima hakuwa amewahi kuufikiria ukwaju, rangi yake ya kahawia, uchachu wake wenye utamu ndani yake, jinsi ungelikaa na embe lililoiva, jinsi ungelikutana na nyama ya dafu. Macho yakamng'aa.

"Unao ukwaju nyumbani?" aliuliza.

"Ninao, mzee."

"Ni mbali?"

"Hapo nyuma ya zahanati tu."

Rehani alikuwa ameshabeba bakuli. "Inukeni," aliwaambia wote. "Twendeni."